Wageni Wanataka Kumwona Msichana Aliyeokolewa

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Alhamisi ijayo, maana siku hiyo wafadhili wetu wanafika nami sijui nifanye nini. Mimi ni katibu wa kikundi cha hapa Igogo kilichoundwa mwaka juzi kuwasaidia wasichana wanaotolewa visiwani kwa ahadi ya kazi nzuri, kisha huishia kupika na kuuza pombe katika kambi za wavuvi wa sangara bila ujira wala ruhusa ya kuondoka, na wafadhili wa Ulaya walitupa fedha, tukafanya semina tatu, tukachapisha fulana, na katika ripoti mwenyekiti wetu, Bwana Venant, akaniagiza niandike kwamba tumewaokoa wasichana kumi na wawili, nami nikaandika, ingawa waliotufikia ni wawili tu, waliotoroka kambini mwezi wa nane wakaja ofisini miguu mitupu wakiomba nauli ya meli ya kurudi kwao kisiwani, Nansio, mweka hazina akawaambia fungu la nauli halimo, lililopo ni la semina, wasubiri kamati ikae, wakasubiri kwenye ngazi siku mbili, na siku ya tatu akaja mwanamke yuleyule aliyewapeleka kambini, akawanunulia chai na maandazi, wakaondoka naye.

Sasa wageni wanataka kuonana na msichana mmoja aliyeokolewa ndipo watoe fedha za kujenga nyumba ya kuwapokelea wenzake, na Bwana Venant ameniambia, "Mama Mayala, unahangaika nini? Si unaye yule binti wa Nansio pale nyumbani? Mvalishe fulana yetu, akae mbele, aseme asante, basi!"

Binti huyo ni Evelina, ananisaidia kazi tangu akiwa na miaka kumi na miwili na sasa ana kumi na sita, nilimchukua kwa wema, baba yake alimsindikiza hadi bandarini kwao, akamkatia tiketi mwenyewe, akanipa na kapu la machungwa, akaniuliza, "Atasoma huko mjini, sivyo?" nikasema atasoma, lakini mume wangu aliniacha na mtoto mchanga na shule ikashindikana, na mshahara simpi kwa kuwa ni kama mwanangu. Nilipomweleza habari za Alhamisi alikuwa akitoa magamba ya sato, hakuinua kichwa, akaniuliza, "Niseme nimeokolewa kutoka kwa nani, mama?" Tangu hapo haniambii neno ila "ndiyo, mama". Nisipompeleka, nyumba haitajengwa. Je, nimpeleke?

Mama Mayala, Igogo

*

Mama Mayala, marahaba.

Jibu hili nimekutumia kwa mkono wa mtu kabla ya kuchapishwa, kwa sababu Alhamisi haingoji gazeti. Majina nimeyabadilisha kwa ajili ya msichana, si kwa ajili yako.

Usimpeleke. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Mlikuwa na fulana, mlikuwa na soda za washiriki wa semina, nauli ya Nansio mkakosa! Yule mwanamke hakungoja kamati ikae. Kwa maandazi mawili amewashinda watu wazima wenye katiba na muhuri.

Nawe usijitenge na mwanamke huyo haraka. Yeye huahidi kazi. Wewe uliahidi shule. Maneno "ni kama mwanangu" nimeyasikia katika nyumba nyingi za mji huu, na kila mara anayeyasema ameketi, anayeitwa mwana amesimama. Kuachwa na mtoto mchanga ni mzigo mzito, nakuonea huruma. Lakini mtoto huyo sasa anakimbia uani, na shule ya Evelina bado haijafika.

Jumanne panda meli pamoja naye, na safari hii tiketi yake ukate wewe. Mbele ya wazazi wake na balozi wao wa nyumba kumi, kiri kwamba hukumsomesha, na uanze kulipa ujira wa miaka minne. Kisha achague mwenyewe: abaki kwao, asome, au arudi kwako kwa mshahara na siku ya mapumziko. Akikataa kurudi, usimlilie.

Alhamisi waendee wageni na ripoti yako. Futa "kumi na wawili", uandike "wawili, nao tukawapoteza". Waombe fedha za nauli kwanza, zitolewe saa ileile msichana anapofika, bila kikao, nyumba itafuata. Wakiondoka na fedha zao, waende. Bwana Venant akifoka, mpe fulana avae, akae mbele yeye. Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, nenda polisi na kwa afisa ustawi wa jamii, uwatajie yule mwanamke na kambi yake, kwa maana wasichana wale wawili bado wako mikononi mwake wakati wewe unasoma haya.

Evelina alikuuliza swali moja, nawe badala ya kumjibu ukaniandikia mimi. Jibu unalijua. Lisikike kwanza mbele ya baba yake.