Roboti za Shemeji Yako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako ambaye siku hizi hata akifua anaimba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ule mgongo umetulia, na shemeji amerudi salama kutoka safarini. Watoto hawajambo? Yule mdogo ameacha kula chaki? Sisi huku tu wazima wa afya, na mimi nimenenepa kidogo. Usianze kuhesabu miezi, ni raha tu.

Najua unangoja kusikia habari za kabati ulilotuletea. Nitafika huko. Niache kwanza nikusimulie kuhusu mume wangu, maana tangu harusi sijapata mtu wa kunisikiliza hadi mwisho. Jirani yetu ni mama mshonaji, na nikimtaja tu mume wangu, anaongeza mwendo wa cherehani.

Dada, nimeolewa. Asubuhi nakaa kitandani namtazama akifunga vifungo vya ovaroli yake, naona kama nimeazimwa tu, mwenyewe atakuja kumchukua. Unajua kazi yake ni kutengeneza friji. Jioni anarudi na viganja vya baridi, ananishika shingoni ili nipige kelele, nami napiga, naye anacheka kama ndiyo mara ya kwanza. Na upole wake sijui nikueleze vipi. Nilipaka mlango wetu rangi ya zambarau, akasema sawa. Nilizidisha chumvi kwenye mchuzi, akala, akaomba nimwongeze. Nilimwambia tusiende kwa rafiki yake, twende kwa rafiki yangu, akasema sawa mke wangu, akabadilisha shati. Pale kazini kwangu, kwenye duka la fotokopi, nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu kwamba mume wangu halijui neno hapana, nao wakawa wananitazama kwa jicho la husuda, hasa yule ambaye mumewe hukataa hata kufungua dirisha.

Kasoro niliyoiona ilikuwa moja, na unaijua, kwa sababu siku ya kwanza alipokuja nyumbani ulinivuta jikoni ukaniuliza kama naolewa na mtu au na duka la midoli. Roboti.

Bila shaka unazikumbuka roboti za tulipokuwa wadogo, zile ambazo ukizikunja miguu na kuingiza kichwa kifuani zinakuwa gari, au ndege, au redio ya kaseti. Watoto wa nyumba ya ghorofa walikuwa nazo, nasi tukiwachungulia kwenye ufa wa ukuta, wewe umenibeba mgongoni. Ulisema ukiwa mkubwa utanunua inayogeuka kuwa friji, tupate maji baridi. Nilipomsimulia mume wangu hilo alicheka mpaka akatoa machozi, akasema hiyo hata yeye hajawahi kuiona ila angependa kuifanyia matengenezo.

Hukusanya zile zile za enzi zile, si mpya. Anazitafuta kwenye mafungu ya mitumba, chini ya viatu visivyo na wenza, na mtu akimletea moja isiyo na mkono huipokea kama daktari anayepokea mgonjwa. Anaiosha kwa mswaki laini na sabuni. Kama viungo vimelegea, anapaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi kama maji, anaacha ikauke, na roboti iliyokuwa ikianguka kama mlevi inasimama wima. Mwanzoni niliikuta ile chupa mfukoni mwa ovaroli yake, na Dada, nusura nifunge mizigo nirudi nyumbani. Akanieleza huku akinionyesha goti la roboti, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Siku hizi chupa ni moja, kucha zangu na magoti yao.

Basi kabati lako likafika, pamoja na maboksi ya vyombo vya kupanga ndani yake. Ni zuri kupita nilivyoota, na vile vioo, na vile vishikizo vinavyong'aa. Ila chumba chetu cha mbele kina ukuta mmoja tu wa maana. Mwingine una dirisha, mwingine una mlango, na uliobaki una unyevu. Na huo wa maana ulijaa rafu za roboti. Kabati likabaki koridoni, kila apitaye anagonga kiwiko, na mwenye nyumba akatuuliza kama tumefungua duka la samani.

Nikaona nitumie akili. Roboti ikisimama inakula nafasi, ikiwa gari inabanana na wenzake. Siku yangu ya mapumziko, mume wangu alipotoka, nikazikunja zote. Kazi hiyo ilinivunja kucha, lakini zilienea rafu moja, zimeegeshwa kama magari ya wakubwa nje ya mkutano. Aliporudi akatazama, akasema pamependeza. Kesho yake nilipoamka zilikuwa zimesimama tena. Nikazikunja. Naye akazisimamisha. Tukaenda hivyo wiki nzima, tunakula pamoja, tunataniana, na hakuna anayegusia. Mimi niliona ni utoto, na kusema kweli hasira zilianza kunipanda. Nikamwambia vyombo alivyonunua dada yangu vinazeeka ndani ya maboksi, na kwamba mtu mwenye mke hana haja ya midoli. Nikamwomba aziuze zote. Akatabasamu, akasema sawa mke wangu. Akampigia simu mwenye duka la vitu vya kale.

Mtu huyo alikuja Jumapili mchana. Ni mnene, mchangamfu, ana miwani usoni na nyingine kichwani. Akasema anazichukua zote, ila zikunjwe zisije zikavunjika njiani. Mume wangu akakaa sakafuni akaanza kuzikunja, mimi nimesimama na sinia la chai. Za mwanzo alizikunja taratibu, macho juu ya kazi. Kisha akachukua iliyo kuukuu kuliko zote, roboti nyekundu inayogeuka kuwa lori. Mgeni akawa anamwuliza jambo, naye akawa anamjibu akimtazama usoni, huku mikono yake imekwenda nyuma ya mgongo pamoja na roboti. Nikasikia ta, ta, ta. Mikono iliporudi mbele ilikuwa imeshika lori.

Mgeni akapiga makofi, akauliza hiyo sarakasi alijifunza wapi. Mume wangu akamjibu kama anayesimulia kichekesho. Alisema roboti ile alipewa na mama yake siku alipomwacha kwa mjomba na kwenda kutafuta kazi mbali. Mjomba hakutaka sanamu zenye macho nyumbani kwake. Alikuwa akisema mvulana wa midoli mwishowe atavaa gauni. Gari ruksa. Kwa hiyo roboti ilikuwa roboti chini ya blanketi tu, na viatu vya mjomba vikisikika koridoni, sharti iwe lori kabla mlango haujafunguka. Mjomba hakuikamata hata mara moja, alisema, na hapo mgeni akacheka sana. Baadaye mume wangu akapelekwa kwa shangazi, kisha kwa binamu wa shangazi, na kila nyumba ilikuwa na yake. Huku husemi una njaa, kule hulii, kwingine unapenda chochote unachopewa, kwa sababu mtoto asiye na usumbufu ndiye asiyehamishwa. Akasema mwishowe yeye mwenyewe alijua kujigeuza kuliko roboti.

Mgeni bado alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nalitazama lile tabasamu la mume wangu, Dada, na nikalitambua. Ni lile lile alilokuwa nalo akiomba nimwongeze mchuzi wa chumvi.

Nikamwuliza, pale pale mbele ya mgeni, kama anataka kuziuza. Akasema kama mimi nataka, sawa. Nikamwambia sijauliza ninachotaka mimi. Akaliangalia lori. Sijawahi kumwona mtu mzima akihangaika na neno dogo vile. Kisha akasema hapana. Alilisema kwa sauti ndogo, halafu akageuka akautazama mlango, kama anayesikiliza viatu.

Viatu havikuja. Nilikuja mimi, na sinia sijui nililiweka wapi, maana chai yote tuliikuta kwenye zulia. Mwenye duka akavaa miwani yake ya pili juu ya ya kwanza, akatutazama, akasema kumbe sisi bado ni maharusi, basi atarudi tukishaanza kugombana.

Tangu hapo hapana zinamtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Kumbe rangi ya zambarau inamuumiza macho. Kumbe anamkumbuka sana rafiki yake. Kumbe tangawizi ninayomtilia kwenye chai kila siku kwa mapenzi yote inamchoma kifua, naye amekuwa akiinywa tangu tuoane. Hiyo iliniuma, nakwambia wewe tu. Nilikaa na birika mapajani nikajiuliza nimekuwa nikimpenda nani. Lakini akaja akakaa karibu yangu akasema chai kavu, isiyo na tangawizi, anaipenda sana, kama bado ipo, na uso wake ulikuwa mpya kabisa. Dada, naona nimeolewa upya na mtu yule yule, ila huyu ana maoni, na nampenda zaidi ya yule wa kwanza.

Sasa kabati. Limeingia ndani, rafu tumezing'oa, liko kwenye ukuta ule wa maana, vioo vinameta. Vyombo vyako viko kwenye maboksi chini ya kitanda, vimefungwa vizuri, hakuna kilichopasuka. Ndani ya kabati zimo roboti. Zote zimesimama, macho yanatazama mlangoni, na yeyote anayeingia anaziona. Nilipomwambia labda tuzitoe kwa siku chache mtakapokuja kututembelea, ili usijisikie vibaya, alikataa. Nilifurahi kiasi kwamba sikubishana naye. Kwa hiyo ikiwa ni kunigombeza, nigombeze mimi, nitavumilia.

Ila njooni. Mwambie shemeji aombe ruhusa mapema, na watoto waje wote, fundi ameahidi kuwaonyesha namna ya kukunja na kukunjua. Nina ombi moja tu kwako, wewe uliyenilea kwa kunisukumia sahani mbele. Mkikaa mezani, ukamkaribisha kitu naye akasema hapana, usimshurutishe. Sogeza sahani pembeni na uendelee na mazungumzo. Siku shemeji yako atakapokukatalia jambo waziwazi, ujue amekuhesabu kuwa ni mtu wa nyumbani.

Wabusu watoto, na umfikishie shemeji heshima zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mke wa fundi friji