Paka wa Mkwe Wangu Nawalaza kwa Kujificha

Mshauri, msaada nitauomba, lakini kwanza nikukaripie. Juzi kuna binti alikuandikia kwamba mama mkwe wake anamsema mbele za watu, nawe ukamjibu avumilie, eti wazee ndivyo walivyo, hawabadiliki. Umekosea, na umekosea vibaya. Sisi si mvua hata mtu aambiwe ajifunike mpaka ipite. Mtu akikosa aambiwe amekosa, awe na meno awe kibogoyo. Nasema hivyo kwa sababu na mimi ni mama mkwe, si wa yule binti, wa mwingine, na tangu nisome jibu lako moyo umenikaa vibaya, maana nilikuwa natafuta mtu wa kunikemea nikakuta umeshatusamehe sote kwa jumla.

Mkono wangu ni mzito, shule niliiacha ningali nahesabu kwa vidole, kwa hiyo usicheke nukta zangu, nyingine nimeziweka pale nilipopumua.

Mimi ni fundi wa nguo. Nimekaa kwenye cherehani mpaka macho yamechoka, wanangu nimewalea kwa sindano, na sijawahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Sasa naishi kwa mwanangu wa mwisho, yeye ni dereva wa magari makubwa, akiondoka anaweza asionekane mwezi, kwa hiyo nyumba ni yangu na mkwe wangu, mke wake. Huyo mkwe anafanya kazi maabara ya hospitali, kutwa ameinamia darubini anatafuta wadudu kwenye damu za watu, jioni anarudi shingo imekakamaa. Hana makuu. Ananiita mama, na anaposema mama unasikia ni mama kweli.

Sasa huyo mkwe ana boksi lake la mchezo, akishakula na kuosha vyombo alikuwa analitandaza kwenye meza ya sebuleni anacheza peke yake, hana mwenzake wala hakuna wa kumshinda. Ni vipande vya karatasi ngumu vyenye pembe sita kama vyumba vya nyuki, kila kimoja kimechorwa kama kitambaa, kingine maua, kingine mistari, kingine madoadoa, anatoa kimoja kimoja kwenye mfuko bila kuchungulia anakipanga kwenye ubao, mpaka linatokea blanketi la viraka. Halafu kuna paka. Kila paka ana kitambaa anachokipenda, ukiunganisha vya kutosha vya aina yake anakuja kulala juu yake, ukikosea haji. Ukikutanisha vitatu vya rangi moja unapewa kifungo. Basi, ndiyo mchezo wote.

Mimi viraka navijua. Nimetia viraka kwenye magoti ya suruali za wanangu mpaka suruali ikaisha kikabaki kiraka. Kwa hiyo kumwona mtu mwenye kazi yake anacheza viraka vya raha, tena ametulia kama yuko kwenye ibada, kulinikera. Nilikuwa nikipita nasema. "Paka wamelala?" Naye anacheka tu, "Mmoja bado mama, anaringa." Hakuwa anakasirika, na kule kutokasirika kwake ndiko kulikonizidishia.

Siku moja nilikuwa na wageni, jirani yangu tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimwi, na mwenzake mmoja. Mkwe akarudi kutoka kazini, akasalimia kwa adabu, akatuchemshia chai, akakaa pembeni na boksi lake. Mama Redio akauliza, "Hicho tena nini?" Nikawahi kujibu mimi, nikasema neno. Wakacheka. Mkwe akakusanya vipande vyake, akasema, "Ni kweli, mama," akaenda chumbani. Tangu siku hiyo boksi likapanda juu ya kabati, na yeye akimaliza vyombo anaaga, anafunga mlango. Nimeshinda, mshauri. Nimebaki na makochi.

Sasa aibu yangu. Mchana nyumba inakuwa kimya mpaka unasikia jokofu likinguruma. Nikapanda kigoda, mimi na magoti haya, nikalishusha lile boksi, nikajiambia nalipangusa vumbi, lakini boksi halipanguswi kwa ndani. Maelezo yake yameandikwa kwa lugha ya wenyewe, siwezi kuyasoma, ila nilikuwa nimeshamchungulia siku nyingi juu ya miwani nikijifanya nafumua pindo, kwa hiyo najua kila kitu. Nikapanga. Kuna paka mmoja mnene wa rangi ya majivu, akakataa kuja. Nikapanga upya. Alipokuja nilisikia kitu kifuani, kama pale mteja mgumu anapovaa nguo akajitazama kwenye kioo akakosa la kusema.

Toka hapo kila nikisikia geti limefungwa nyuma yake, napanda kigoda. Tena nadanganya, maana sheria yake ukishaweka kipande ukaondoa mkono hukiinui, mimi nakiinua, nacheza peke yangu na bado naiba. Juzi Mama Redio alibisha hodi nikalalia meza yote kifudifudi, nikamwambia kichwa kinaniuma, akaenda kwake akaniletea dawa, nikainywa.

Kisha nikamwaga chai. Kipande kimoja cha madoadoa kikavimba kama mkate uliolowa. Fundi haachi tundu, nikakata boksi la viatu pembe sita, nikatafuta kwenye mfuko wangu wa mabaki kitambaa cha buluu chenye madoa meupe, nikakivika, nikakipinda kwa mkono kwa mshono ule wa ndani usioonekana. Nisijisifu, lakini kimetoka kizuri kuliko vya kwao. Nikakizika chini kabisa ya vingine. Nimeshafunga boksi ndipo nikakumbuka kwamba kile kitambaa ni mabaki ya gauni nililomshonea mwenyewe alipoingia nyumbani kwetu, amelivaa mpaka kola imepauka. Akikiona tu amekijua, na mkono uliokishona ameujua.

Na sasa boksi linaondoka. Tulikuwa tunakula akaniuliza, "Mama, kuna mwenzangu kazini analitaka lile boksi. Nimpe?" Nikasema, "Mpe." Kesho yake akarudia, "Kwa hiyo mama, nimpe tu?" Nikamwambia mpe, unataka nikuimbie? Analipeleka Jumamosi. Roho inaniuma kama naibiwa, na siwezi kusema usimpe, nitaanzia wapi. Na kuna jambo silielewi, boksi siku hizi silikuti tena juu ya kabati, nalikuta rafu ya chini karibu na miwani yangu, na kile kipande changu nilichokizika nakikuta juu ya vyote. Labda lilitikisika wakati wa kuliteremsha.

Neno nililolisema mbele ya wageni nilitaka nisiliandike. Nilisema, "Wenzake wanalaza watoto, huyu analaza paka." Na mwaka jana mimba yake ilipotoka, yale mashuka niliyafua mimi.

Niambie basi, kile kipande nikitoe kabla ya Jumamosi, au nikiache kiende nalo?

Mama Fundi

*

Shikamoo, Mama Fundi. Heshima nimeshatoa, sasa vaa miwani unisome vizuri.

Karipio lako nimelipokea. Yule binti nilimjibu kivivu, na namwomba radhi hapa hapa mbele ya wasomaji wote: binti yangu, nilikosea, usivumilie, sema. Umeona, mama? Maneno machache tu, na bado nipo.

Wewe umenieleza kigoda, chai, boksi la viatu, na dawa uliyokunywa ya kichwa kisichouma. Neno lenyewe umeliweka chini kabisa ya barua, kama ulivyokizika kile kipande, kisha ukaniuliza habari ya kipande. Mimi sijui kushona. Lakini mteja akikujia na gauni lililopasuka mgongo mzima, akakuuliza kama kifungo cha mkononi kimekaa sawa, wewe utamjibu habari ya kifungo?

Nakuonea huruma, maana najua ilivyo kazi kwa mtu aliyejitegemea maisha yake yote kuinamisha kichwa. Lakini sitakufunika. Mama Redio alicheka kwa kutojua. Wewe ulijua, ukamchoma mwenzako pale pale palipokuwa pabichi, na yeye akakujibu "ni kweli, mama" ili usiaibike mbele ya wageni wako. Mwanamke uliyemdhalilisha ndiye aliyekusitiri. Hilo ndilo likukoseshe raha, si paka.

Kucheza hakuna aibu yoyote. Mtu mzima akikaa peke yake akapanga rangi mpaka shingo yake ikalegea, huyo anapumzika, na wewe mwenyewe umeonja ukajua. Aibu ni kumfungia mtu mlango wa mapumziko yake, kisha ukaingia wewe kwa dirishani.

Sasa tuje kwenye hilo unalosema hulielewi. Boksi halina miguu, mama, halikuteremka lenyewe kabatini likaenda kukaa karibu na miwani yako. Na kipande ulichokizika hakifukuki chenyewe. Sijafika kwenu na siwezi kuapa, lakini nionavyo mimi, mkwe wako amekijua kitambaa chake, amekiweka juu ili ukione, na boksi amekushushia usije ukavunjika nyonga kwenye kigoda. Mtu wa kutafuta wadudu kwenye tone la damu, ulidhani hataona kiraka cha buluu? Na anapokuuliza "nimpe, mama?" mwenzake wa kazini hahusiki. Anakuuliza wewe. Mtu aliyeamua kutoa chake habishi hodi mara mbili. Kila anapokufungulia mlango unamjibu "mpe", halafu unalia unaibiwa.

Kipande kiache kilipo. Mdomo wako umeshindwa, lakini mkono wako ulishaanza kuomba radhi bila kukuuliza.

Usingoje Jumamosi. Ijumaa, kabla hajarudi, litandaze boksi mezani mahali pake pa zamani, na chai yako iweke mbali. Akiingia usianze na boksi. Anza na neno. Mwambie, "Nilisema vile nikijua, nikakuumiza, nimekosa, nisamehe." Usitie "lakini". Usimweleze suruali za wanao zilivyokuwa na viraka, si zamu yake kukuhurumia. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuambia leo hawezi kukusamehe, ana haki hiyo, na chai utamchemshia vilevile, kesho na keshokutwa. Hayo yakishasemwa ndipo umwambie, "Boksi usimpe mtu." Na useme wazi ni nani aliyekuwa akilifungua mchana.

Kisha utakwenda kwa Mama Redio. Ulimvunjia mkwe heshima mbele yake, na mbele yake utairudisha. Mwambie kichwa hakikukuuma, mwambie ulikuwa umelalia nini, na umwambie neno lile lilikuwa dhambi ya mdomo wako. Kama kweli hazimwi, habari itafika kila ilikofika ile ya kwanza.

Na nikuonye, maana nakujua sasa. Usije ukageuza majuto kuwa kero, kila jioni umejibandika mezani unamwelekeza paka yupi aende wapi. Alikuwa anacheza peke yake kwa sababu alitaka kuwa peke yake. Siku nyingi utakaa kwenye kochi lako na pindo lako, yeye na vipande vyake, sebule moja, na usiulize kama paka wamelala. Ukitaka kucheza wewe, kuna mchana, tena sasa bila kujificha.

Lakini siku atakayokuita, nenda. Chukua kipande bila kuchungulia, kiweke, na safari hii uondoe mkono.