Ardhi Mbili za Kitinda

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe, wifi yangu na watoto wote hapo nyumbani. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimeisha na kazi inakwenda vizuri. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tuko wazima. Mama naye hajambo. Goti humsumbua asubuhi, likishapata joto linaacha deko.

Najua utashangaa kupata karatasi ilhali simu unayo mfukoni. Simu huweza kukatwa, na ujumbe mtu huweza kusema haukufika. Barua hii nimempa dereva anayekufahamu kwa sura, akukabidhi mkononi, na nimemwambia anijulishe ulivyoipokea.

Unanijua tabia yangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibandika jina la Mwenye Funguo nilipopewa stoo ya shule, ukasema hata chumvi ikipungua kopo nalidai maelezo. Sikatai. Stoo imenifundisha kwamba kitu hakipotei, huhamishwa. Basi hapa nyumbani vitu vilianza kuhama. Kwanza pasi yangu, ambayo niliikuta chumbani kwa Kitinda ikiwa ya moto, na mdogo wetu yule tangu azaliwe hajanyoosha hata leso. Kisha beseni langu dogo likarudi na madoa ya kutu yasiyosikia sabuni wala mchanga. Kisha likaondoka kopo la bati la majani ya chai, majani yenyewe nikayakuta yamemwagwa kwenye bakuli kama yatima. Nilipomuuliza alisema anatengeneza kitu. Kitu gani? Kitu tu. Na mlango wake akaanza kuufunga kwa komeo.

Hapo ndipo akaanza kuja rafiki yake, mwalimu wa fizikia wa pale shuleni kwetu. Sisi tunamwita Bwana Istilahi, kwa sababu neno la kigeni haliwezi kupita mdomoni mwake bila kubadilishwa nguo. Wote wawili huingia chumbani, wakajifungia, na kinachotoka ni harufu ya kuungua tu.

Siku moja nilikuwa naanika nguo chini ya dirisha lao. Sikwenda kusikiliza, ila masikio hayana komeo. Bwana Istilahi alikuwa anasema kwamba ardhi lazima igawanywe pande mbili, ardhi safi huku na ardhi chafu kule, na zikutane mahali pamoja tu, pale mlangoni. Kitinda akamjibu kwamba ramani ameshaichapa kazini kwake, pale duka la fotokopi, na kilichobaki ni kukata, ila risasi zimemwishia. Mwalimu akamwambia asijali, atamletea nyingine nyembamba, hizo ndizo zinazoingia vizuri. Kisha akauliza kama dada anajua. Kitinda akasema dada asiambiwe kabisa, maana dada akijua Mama atajua, na Mama akijua atakataa.

Kaka, shuka lilinidondoka kwenye tope. Ardhi, ramani na risasi kutoka mdomo mmoja! Unajua kwamba kiwanja hiki ndicho pekee tulichonacho. Hati ina jina la Mama, na bila yeye kukubali hakiuziki. Kikiondoka, Mama kwa umri ule atakuwa mgeni kwenye nyumba za watu, hata kama watu hao ni wanawe. Niliogopa, na nikiogopa nakuwa mkali.

Ndipo nikakutumia ule ujumbe kukuuliza kama umesikia lolote kuhusu kiwanja. Ukanijibu upesi, jambo ambalo si kawaida yako. Ulisema nimchunge sana Kitinda, kwamba vijana wa siku hizi wakipata mteja huuza hata kaburi, na kwamba Mama asisumbuliwe na habari hizi. Nikajisemea kweli nina kaka.

Siku hizo hizo akaonekana mtu mwenye tepu ya kupimia akizunguka uzio wetu. Nilipomuuliza alisema amepotea njia. Mtu aliyepotea njia hapimi. Nikaunganisha moja na moja, nikaona mbili iliyonona.

Kitinda alipokwenda kazini na kusahau kufunga, niliingia. Chini ya godoro nilikuta karatasi kubwa yenye mchoro wa pembe nne, njia nyembamba zinakatizana humo, na katikati mstari unaotenga pande mbili. Upande mmoja umeandikwa ARDHI SAFI, mwingine ARDHI CHAFU. Kwa ufahamu wangu ardhi chafu ni ile yenye kesi. Nikasema kumbe wameshatugawa, sisi ndio uchafu.

Aliporudi nilimwita sebuleni mbele ya Mama, nikabwaga ramani mezani, nikamtaka aseme mnunuzi ni nani. Kitinda aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika, akakasirika kwelikweli. Aliniuliza kama ndivyo ninavyomfikiria siku zote. Mama alikuwa anatuuliza tunanong'ona nini, na mimi nilikuwa napiga kelele za kuamsha mtaa.

Na hicho ndicho kilichokuwa kiini cha mambo yote. Wewe unajua, mimi najua, ila nani amwambie? Mama masikio yake yamefifia. Yeye husema sisi ndio tumeanza kusema chini chini, na fundi redio akaja kulaumiwa kwamba ameiharibu redio. Kifaa cha masikio hataki hata kukisikia kikitajwa, kwa maana zote mbili. Kitinda akaona amtengenezee kitu kisicho na jina la ugonjwa: kopo dogo linalochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, likala umeme humo humo, likapokea sauti ambayo ndani ya kompyuta ni tarakimu tu, likaigeuza kuwa sauti ya kweli na kuikuza mpaka kwenye hedifoni. Mama angedhani ni redio mpya. Ndiyo maana nilifichwa. Mdomo wangu unajulikana.

Pasi yangu ilitumika kubandika mchoro kwenye bamba la shaba. Beseni lilibeba dawa inayokula shaba isiyotakiwa. Risasi ni ile ya kuunganishia nyaya. Na ardhi, Kaka, ardhi ni upande ambao umeme wote hurudia ukishafanya kazi. Mafundi wengine huita ethi, ila Bwana Istilahi angekufa kwanza. Umeme wa kompyuta huja na fujo zake, kwa hiyo ardhi yake ni chafu. Ya sauti hutakiwa kubaki safi, na mlango wa kukutania ni mmoja tu, pale umeme unapoingilia. Na zikigusana ovyo fujo hupanda mpaka masikioni. Kiwanja chote kilichogawanywa kinaenea kwenye kiganja cha mtoto.

Niliona aibu, sikufichi. Nikamwomba radhi, naye akasema radhi ataipokea nikimsaidia, kwa sababu kile kitu kilikuwa kinanguruma. Ukisogeza kipanya unasikia kwaruu kwaruu kama panya darini. Alikuwa amebadilisha kapasita, vile vidude vya kutuliza umeme, amefungua chipu ile ndogo kama punje ya dengu na kuifunga tena, bado. Mwalimu naye alikuwa amefika mwisho wa istilahi. Nikaomba taa na miwani ya Mama. Mimi stoo nakagua misumari. Jicho langu halimwamini mtu. Nilipitia bodi, yaani lile bamba la shaba, njia kwa njia mpaka nikaona tone la risasi, jembamba kama unywele, limevuka mpaka na kuunganisha ardhi mbili mahali pasipo mlango. Kitinda akalikwangua, akachomeka tena. Kimya. Kimya kile kilikuwa kitamu, Kaka, nilitaka kupiga vigelegele.

Mama alivaa hedifoni akisema sisi tunapenda upuuzi. Tukamwekea taarifa ya habari. Akakaa wima. Baadaye akasema mtangazaji huyu angalau amelelewa, anafungua kinywa. Tulicheka, naye akacheka kwa kuwa alikuwa amefurahi. Kisha akaomba kitu kimoja: jumbe za sauti ulizomtumia wewe, ambazo zimekaa kwenye simu yake. Alisema sauti yako anaipenda, ila simu ile huimeza. Kitinda akazihamishia kwenye kompyuta, sisi tukarudi nyuma tumwachie nafasi yake.

Sauti ilikuwa masikioni mwake peke yake, sisi tuliona uso tu. Mwanzo alikuwa anatabasamu. Kisha akaacha. Alirudisha nyuma kama Kitinda alivyomfundisha, akasikiliza tena, halafu akavua hedifoni na kunipa. Aliniambia nisikilize mimi, labda yeye hasikii vizuri. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia Mama akikubali jambo hilo.

Nikasikiliza. Ulikuwa unasema kwamba kama mlivyokubaliana kwenye simu, mteja wa kiwanja yuko tayari, mpimaji atapita kimya kimya kwanza, na siku ya kutia kidole utakuja mwenyewe na karatasi. Ukasema wadogo zako wasiambiwe kwanza, hasa huyo wa stoo. Kitinda naye alisikiliza. Alikwenda kukaa miguuni kwa Mama.

Kumbe ule ujumbe wako wa kunituma nimchunge mdogo wetu ulikuwa wa kunigeuza uso upande mwingine. Nimejaribu kukutetea moyoni, Kaka, nimeshindwa. Huenda una shida usiyoweza kuisema. Kama ni hivyo, iseme. Sisi si watu baki.

Mama hakulia wala hakukulaani. Amenituma nikuandikie maneno haya, nami nayaweka kama alivyoyasema. Kila uliponiuliza kwenye simu nikasema sawa mwanangu, sikuwa nasikia ulichouliza. Nilikuwa naitikia sauti yako, kwa furaha kwamba umenipigia. Sasa nasikia, na Kitinda atanipitishia simu kwenye kompyuta. Nipigie uniombe upya, polepole, kila neno. Nitakuwa nimevaa hedifoni.

Msalimie wifi na uwabusu watoto. Kitinda anakusalimu, ingawa ilibidi nimwambie mara mbili. Mama anakuombea heri, na simu yake ina chaji.

Ni mimi mdogo wako,
Mwenye Funguo