Kura Iliyotoka Mara ya Kwanza

Blok 418, Ghorofa ya 9,
Tampines, Singapuri.

Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Iskandar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai unakula vizuri na baridi ya Perth haijakuingia mifupani. Sisi wazima. Magoti ya Mama yanasumbua kama kawaida, lakini kelele zake ni zile zile, kwa hiyo tunashukuru.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Simu hupokei, ujumbe unasoma hujibu. Nimeona niandike barua nimpe Faizal, mwenzako wa kazini, anayerudi huko kesho. Nimemwambia asibanduke mbele yako mpaka uifungue.

Nakujua tangu nikikubadilisha nepi, basi tusifichane. Siku ile ulipomwambia Nadrah, "Tuombe nyumba," ulijua kabisa kwamba hapa kwetu maneno hayo ndiyo posa, pete huja baadaye. Lakini ulikuwa na hesabu zako. Binamu yetu Hisham aliomba nyumba ya serikali mara tano ndipo kura ikamtokea. Nawe ukaona unayo miaka mitatu minne ya kukosa kwa raha zako, huku unaitwa mchumba wa mtu. Kumbe Mungu naye ana mipango yake. Kura imetoka mara ya kwanza, tena namba arobaini na moja, mtachagua kabla ya mamia ya watu. Wenzako wakipata namba kama hiyo hupika biriani. Wewe ukaomba kazi ya miezi sita ya kufunga lifti Australia.

Jana nilikwenda kwa kina Nadrah. Nilikwenda na maneno yangu tayari, nimwambie alegeze kamba. Ule mpango wake alioubandika kwenye friji hata mimi ulinitisha. Mwaka 2028 kuhamia, 2029 mtoto wa kwanza, 2031 wa pili, na upo hadi mwaka wa wewe kuacha sigara. Si wewe peke yako unayeogopa mambo hayo. Shemeji yako Roslan nikimtajia Idi ya mwakani tu, huanza kutafuta viatu vyake.

Nilimkuta Nadrah jikoni akikunja epok-epok, zile sambusa za kari unazozimaliza peke yako. Nikamwambia mwanamume akipangiwa sana hukimbia, amwachie hata kadirisha ka kupumulia.

Hakuinua macho. "Dada Salmiah, unajua nilimwuliza mara ngapi? Ghorofa ya ngapi? Yoyote. Tarehe gani ya harusi? Yoyote. Rangi ya ukuta? Yoyote. Haya, nikajaza mwenyewe. Sasa amesoma nilichojaza, anasema namkaba."

"Alikwambia hivyo?"

"Alimwambia kaka yangu. Mimi aliniambia anakwenda kazini."

Nikachukua unga nikaanza kumsaidia kukunja, na unajua mikono yangu, zangu zote zikapasuka. Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Aniambie kitu kimoja anachokitaka yeye mwenyewe. Kimoja tu, vyangu kumi nitavifuta. Lakini simpigii tena. Tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, siku yetu ya kuchagua nyumba, mimi nitakuwa pale ofisini kwao na kitambulisho changu."

Iskandar, nilirudi nyumbani nimeona haya. Hiyo "yoyote" yako tumekufundisha sisi. Dada watatu na mama mmoja, tulikuchagulia shule, shati la Idi, hata kinyozi. Ukajua kwamba ukikubali kila kitu tunakuacha upumue. Kwetu ilikufaa. Kwa Nadrah haifai, maana yeye alikuwa anakuuliza kwa kweli, alitaka jibu.

Mama hajui lolote. Kila jioni anashuka chini kuwaambia majirani kwamba Nadrah amemtengea chumba karibu na choo kwa ajili ya magoti yake. Na ni kweli, kimeandikwa kwenye friji. Katika sisi watoto wanne, hakuna aliyewahi kukifikiria.

Sikufichi, nampenda binti huyu. Lakini wewe ndiwe damu yangu na sitakuburuza. Ukitaka kuja, ndege zipo kila siku, na useme unachotaka hata kama ni kusubiri mwaka mmoja. Usipotaka, mpigie wewe kabla ya Jumanne hiyo, umwambie kwa mdomo wako. Atalia, nami nitakuwa naye. Nakuomba jambo moja tu, usimwache akae kwenye kiti cha ofisi ile mpaka namba yenu iitwe, watu wote wamtazame, naye awe anaangalia mlango.

Dada zako Zaitun na Rohana wanakusalimu sana, na watoto wao pia. Roslan anasema umletee kofia. Mama anasema usilale na nywele mbichi.

Mungu akulinde ugenini, na akupe moyo wa kusema unalolitaka.

Mimi dada yako, akupendaye hata ukinyamaza,

Salmiah