Mama Yangu Ndani ya Kernel

Nyachuol, usicheke mpaka nimalize.

Unajua ile kasoro ya kernel, kile kiini cha mfumo wa kompyuta, iliyoninyima raha? Programu moja inatuma ujumbe, ujumbe unafika, lakini programu inayoungoja inaendelea kulala kwa sababu haikuamshwa. Leo nimetuma marekebisho yangu ya kwanza kwa Tauno, yule Mfini mkali anayesimamia sehemu hiyo.

Nikasahau kubadilisha maneno ya jaribio niliyoyatuma pamoja nayo, ambamo programu mbili zinatumiana ujumbe. Nilisahau, Nyachuol! Niliyaandika Julai, risasi zikilia, Mama akija kwangu kwa miguu kutoka mtaa wa Mangateen. Programu ya kwanza inauliza, "Mama, umefika?" Inauliza mara elfu kumi! Na barua pepe zetu za kernel husomwa na dunia nzima.

Tauno akauliza hiyo ni lugha gani. Mkenya mmoja, mwenye kiherehere kama wewe, akawatafsiria wote. Nilitamani kuingia chini ya kitanda.

Kisha Tauno, mtu asiyemsifu yeyote, akaandika: "Nimeyakubali marekebisho. Maneno yabaki. Lakini alifika?"

Umesoma? "Lakini alifika?" Mpaka Mjapani mmoja naye ameuliza!

Nikamsomea Mama, yuko hapa Kator anasonga asida, ugali wetu. Akanigeukia na mwiko: "Dau, watu wananijulia hali, nawe umekaa tu? Waambie nilifika salama. Na uwaulize mama zao hawajambo?"

Nyachuol, nimewauliza. Kwenye barua za kernel!

Tauno ndiye wa kwanza kujibu. Mama yake ana miaka tisini na mmoja, na bado anamgombeza.