Redio Iliyopelekwa Kawangware

Mjukuu wangu Nafula,

Uko aje huko kwenye baridi? Sisi hapa mtaani Lindi tuko sawa, goti la nyanya yako limeacha kumsumbua. Umeuliza kama tulisikia wakati zile sayari kubwa za nyota nyingine zilipogunduliwa. Nilisikia, tena siku ambayo wivu ulininyima chakula.

Nilikuwa fundi wa redio. Yetu ya nyumbani ilikaa kimya miezi mingi, kwa sababu kila siku nilianza na za wateja. Jioni moja nikaikuta inaimba. Nyanya yako alikuwa ameipeleka kwa Otieno, fundi wa mtaa wa Kawangware.

"Ni waya tu ulikuwa umeachia," akaniambia. "Na huyo Otieno anaongea poa sana."

Nikanuna. Ndipo taarifa ya habari ikasema kuna sayari jitu imepatikana, imeikaribia nyota yake hadi inaizunguka kwa siku nne tu. Wataalamu walikuwa wakitafuta majitu mbali na nyota zao. Hakuna aliyewaza jitu linaweza kukaa karibu hivyo.

Nyanya yako aliongeza sauti.

Baadaye zikapatikana nyingine zenye njia ndefu kama yai, mara ziko karibu na nyota, mara zimepotelea mbali. Hizo nilizielewa bila kufundishwa, maana hata mimi nyumbani nilikuwa hivyo.

Redio hiyo bado tunayo. Ikikwaruza kidogo tu, naacha kazi ya watu naifungua, maana Otieno bado yuko Kawangware, na bado anaongea poa.

Babu yako