Lango Lako Limepata Wapangaji

Nyumba ya mwisho, Njia ya Gati
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu Cheche,

Habari za huko? Macho yanaendeleaje, au moshi wa karakana bado unayawasha? Vaa miwani ya kuchomelea, usijifanye bingwa. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila ulimi wake ni mzima kabisa.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikalia. Uliuliza kama ni wewe uliyewaua chaza wetu kwa lile lango la chuma ulilotutengenezea mtoni, ukasema nitafute mtu alikate liuzwe chuma chakavu. Nilichelewa kukujibu kwa sababu, nikwambie ukweli, hata mimi nilidhani ni wewe. Nisamehe.

Unakumbuka shemeji yako alivyokusumbua ulitengeneze, eti maji ya bahari yanapanda mtoni na kuunguza biringanya zake. Tangu tulifunge, kila nikivuta kamba zangu za kufugia nilikuta chaza wameachama, wamekufa. Harufu yao nililala nayo. Shemeji yako nilimhamishia kwenye kochi, nikamwambia akakumbatie biringanya.

Mama alichovya kidole mtoni akaonja, kama alivyofanya tangu tukiwa wadogo. Akasema chumvi ya kuwalisha chaza imekwisha, lango limetumaliza. Nani angebishana na kidole cha Mama?

Mwezi wa tatu akaja mpimaji wa maji, mama mmoja mpole mwenye mabuti ya mpira hadi mapajani. Hakuonja kitu. Alishusha chupa kwa kamba hadi chini kabisa, akaipandisha, akatunusisha. Mayai viza! Kumbe nyuma ya lango maji ya chini yalikuwa yamekwama miezi yote hiyo, hayatembei, hayana hewa, na chaza wangu wananing'inia humo humo. Akatueleza kwamba maji ya mto ni mepesi, hukaa juu, na ya bahari ni mazito, hupita chini yake. Sisi miaka yote tulikuwa tunaonja ya juu tu.

Kisha akamgeukia shemeji yako.

"Baba, bomba la pampu yako linanyonya wapi?"

"Chini kabisa. Nimelifunga jiwe lisielee."

Cheche, Mama alicheka mpaka akasahau goti. Mtu mzima alikuwa anavuta chumvi kwa pampu yake mwenyewe, anaimwagia bustani, halafu anaililia bahari! Lango liliua, sikufichi, lakini halikuhitajika hata siku moja. Lililohitajika ni kufungua jiwe.

Siku hiyo hiyo shemeji yako alilitoa jiwe, bomba akalifunga kwenye dumu tupu ili linyonye maji ya juu. Lango tukaliacha wazi. Biringanya zimezaa. Kamba zangu mpya zina chaza wanaofumba midomo nikiwagusa, na nimerudi kulala vizuri. Shemeji yako pia amerudi kutoka kwenye kochi.

Si kwamba kila kitu kimepona. Chaza wa upande wa juu wa lango walikufa wote. Mbolea ya bustani nayo ikishuka na mvua inalisha ule ukoko wa kijani unaotanda mtoni na kumaliza hewa ya maji, kwa hiyo nimemkataza kulima hadi ukingoni. Ananuna, lakini ameacha matete yaote.

Sasa nisikilize. Ijumaa maji yalipokupwa niliteremka na brashi nilisugue kutu lile lango, nitafute mnunuzi kama ulivyoagiza. Nikakosa pa kuweka brashi. Limejaa chaza wachanga, wadogo kama kucha, wameling'ang'ania kuanzia chini hadi kwenye bawaba. Nilihesabu sitini na mmoja nikaacha, machozi yalikuwa yananitoka. Kwa hiyo halikatwi. Lina wapangaji.

Shemeji yako anakusalimu. Lile jiwe linazuia mlango wa jikoni, na kila akijikwaa analitaja jina lako kwa heshima. Binti yangu anakuamkia, shangazi naye anauliza utaoa lini. Mungu akulindie macho na mikono yako.

Mama nilimshika mkono hadi lango lilipo. Akawapapasa wale wadogo mmoja mmoja, halafu akasema, "Mwandikie mwanangu. Mwambie sasa alale."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyekosea kukudhania.